Madaftari Yaliyosomwa Mbali: Juba na Elimu ya Kumbukumbu za Afya

Mwaka 1976 homa kali yenye kutoa damu ililipuka kusini mwa Sudan, na walioihesabu waliacha orodha fupi. Nzara wagonjwa 67. Maridi 213. Tambura 3. Juba 1. Jumla 284, na kati yao 151 walifariki. Baadaye dunia iliuita ugonjwa huo Ebola, kwa jina la mto wa Zaire, nchi jirani ambako mlipuko mwingine ulizuka miezi hiyohiyo.

Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha pamba cha Nzara, kiwanda kilichotokana na Mradi wa Zande ulioanzishwa na Waingereza miaka ya 1940. Aliugua mwishoni mwa Juni, akafa mwanzoni mwa Julai. Ugonjwa ukapita kwa wafanyakazi wenzake na jamaa zao, ukafika Maridi, na huko ukaingia hospitali. Hospitali ya Maridi ilikuwa kubwa, yenye shughuli nyingi na watumishi wapatao 220. Theluthi yao waliambukizwa na 41 wakafa. Mahali palipojengwa ili watu wapone ndipo homa ilipopata nguvu ya kuenea.

Naanza na orodha hii kwa sababu ya namna ilivyopatikana. Timu ya kimataifa ilifika mwishoni mwa Oktoba, miezi minne tangu mtunza ghala augue. Iliwabidi wapite nyumba kwa nyumba wakiuliza nani alimuuguza nani, nani alilala wodini siku zipi, nani alirudi kwao akiwa na homa. Ripoti yao ilichapishwa Geneva mwaka 1978 na mpaka leo inasomwa na wanafunzi wa elimu ya milipuko duniani kote. Ilikuwa kazi nzuri na ya kishujaa. Lakini mtu akiisoma akiwa anaijali Sudan Kusini, haachi kujiuliza juu ya ile miezi minne. Wodi zilikuwepo, na wauguzi waliokuwa wakiona wenzao wanaanguka mmoja baada ya mwingine walikuwepo. Aliyekosekana ni mtu ambaye kazi yake ya kila wiki ni kuiweka hesabu ya wiki hii kando ya hesabu ya wiki iliyopita, kuona kwamba kuna jambo, na kuwa na cheo cha kumfanya mkubwa wake amsikilize.

Mtu huyo hazaliwi, hufundishwa. Habari ya namna Juba ilivyochelewa kumpata, na namna inavyojaribu kumpata sasa, ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Kuandika wagonjwa hakukuanza jana katika nchi hiyo. Miongo ya mwanzo ya karne ya 20 watawala wa Kiingereza waliogopa malale yasivuke kutoka Kongo, wakawahamisha Wazande kutoka makazi yao ya vijitoni na kuwapanga kandokando ya barabara ili wakaguliwe kwa zamu. Kule Source Yubo, karibu na Tambura, palijengwa kambi ya matibabu. Watu waliitwa kwa majina ya machifu wao, wakapapaswa shingo kutafutwa uvimbe, wakaandikwa. Waliokaguliwa hawakuambiwa kilichoandikwa, na karatasi zilipanda kwenda Khartoum. Juba yenyewe ilikuwa bado haijawa mji. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 ili kuchukua nafasi ya Mongalla kama makao ya utawala, na hospitali yake inahesabiwa kuwa imeanza mwaka 1927. Hiyo ndiyo leo Hospitali ya Kufundishia ya Juba, kubwa kuliko zote nchini. Tangu siku zake za mwanzo ilikuwa na vitabu vya wagonjwa. Vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya msomaji aliyekaa maili nyingi kuifuata Nile kaskazini.

Vita vya kwanza kati ya kusini na kaskazini, vilivyoanza 1955, vilikoma kwa Mkataba wa Addis Ababa wa Februari 1972. Kusini ikapata serikali yake ya jimbo yenye makao Juba, na kwa mara ya kwanza paliandikwa mipango ya afya na watu waliokuwa wakiishi palepale. Mwaka 1976, mwaka uleule wa homa ya Maridi, ulitolewa mpango wa afya ya msingi wa Jimbo la Kusini, miaka 2 kabla mataifa hayajakutana Alma-Ata kutangaza jambo hilohilo. Uliazimia kituo kidogo kwa kila watu 4,000, kikiongozwa na mhudumu aliyeteuliwa na wanakijiji wake. Ukiusoma leo unashangaa ulivyokuwa na busara, na papo hapo unaiona shida yake. Watu 4,000 wako wapi? Nani anajua kijiji fulani kina watu wangapi, baada ya miaka 17 ya watu kukimbilia msituni, Uganda na Kongo? Sensa ya 1973 ilikuwepo, lakini katika nchi iliyokuwa inarejea nyumbani, hesabu ya mwaka huo ilikuwa imepitwa na wakati kabla ya kuchapishwa.

Mwaka 1975 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Juba, na masomo yakaanza 1977. Kilianza na elimu, maliasili, na masomo ya jamii na uchumi, kisha utabibu ukafuata. Ndivyo nchi changa zilivyopanga wakati ule: kwanza tupate madaktari. Ni vigumu kulilaumu wazo hilo mahali ambapo daktari mzawa angeweza kuhesabiwa kwa vidole. Matokeo yake, kama ilivyokuwa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, ni kwamba uongozi wa hospitali ulimwangukia daktari mwenye umri mkubwa kuliko wenzake. Mpasuaji hodari alipewa funguo za stoo, orodha ya mishahara, mgogoro wa wapishi na jenereta isiyowaka, na chumba cha upasuaji kikakosa mtu. Chumba cha mafaili akaachiwa karani aliyejua kusoma na kuandika, ambaye hakuna aliyewahi kumweleza faili la mgonjwa lina kazi gani mgonjwa akishatoka.

Penginepo fani hizi mbili, uongozi wa hospitali na utunzaji wa kumbukumbu, zilikwisha kupata vyuo vyake. Chuo Kikuu cha Chicago kilianza kufundisha uongozi wa hospitali mwaka 1934 chini ya Michael Davis. Mwaka 1935, mjini Duluth katika jimbo la Minnesota, masista wa Kibenedikto wa Chuo cha St. Scholastica walianza kutoa shahada kwa watunza kumbukumbu za hospitali. Kabla yao Grace Whiting Myers alikuwa ametumia miaka mingi katika hospitali kuu ya Boston akipanga mafaili ya tangu karne ya 19, na mwaka 1928 alichaguliwa rais wa kwanza wa chama cha wenye kazi hiyo Amerika ya Kaskazini. Wamarekani waligundua kwa vitendo kwamba hospitali isiyojua wagonjwa wake wa jana walipona au walikufa haiwezi kujua kama inatibu. Afrika Mashariki ililipokea somo hilo vipandevipande, kwanza kwa vyeti vya ukarani wa kitabibu, kisha stashahada, na shahada mwisho kabisa.

Juba haikupewa nafasi ya kupitia hata vipande hivyo. Vita vilirudi 1983. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Juba kilihamishiwa Khartoum, na kikakaa huko zaidi ya miaka 20 kikiwa na jina la mji ambao wanafunzi wake wengi hawakuweza kuufikia.

Kipindi hiki kinahitaji kusimuliwa pole pole, kwa sababu ndicho kilichozaa ugumu ambao shahada za leo zinajaribu kuutatua. Nchi moja ilikuwa na mikondo miwili ya taarifa za afya. Juba ulikuwa mji wa ngome, mikononi mwa jeshi la serikali, na ripoti za hospitali yake zilikwenda Khartoum kwa Kiarabu. Nje ya miji ya ngome, katika maeneo ya waasi wa SPLA, huduma zilitolewa na mashirika ya misaada. Mengi yalikuwa chini ya Operation Lifeline Sudan, mpango wa Umoja wa Mataifa ulioanza 1989 na kuweka kituo chake kikuu Lokichogio, kaskazini mwa Kenya. Ripoti za huko ziliandikwa kwa Kiingereza, zikapanda ndege hadi Lokichogio na kuteremka Nairobi. Mtoto aliyechanjwa Juba alihesabiwa Khartoum. Mtoto aliyechanjwa Yambio alihesabiwa Nairobi. Fomu zao hazikufanana, umri haukugawanywa kwa namna moja, hata majina ya magonjwa hayakulingana. Kila shirika lilikuwa na fomu yake, kwa sababu kila shirika lilikuwa na mfadhili wake aliyetaka kujibiwa maswali yake.

Hata hivyo wakati huohuo mbegu fulani zilipandwa. Mwaka 1998 shirika la afya la AMREF lilisaidia kuanzisha chuo cha kufundisha matabibu Maridi, katika mji uleule uliopoteza watumishi 41, na wanafunzi wake walifundishwa vitani. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kusini mtandao wa tahadhari ya mapema, ambamo wahudumu wa vituo vya mbali waliripoti kwa redio kila walipoona dalili za magonjwa machache yaliyotajwa. Ebola iliporudi, safari hii Yambio mwaka 2004, ilijulikana katika wiki chache. Kulikuwa na surua pia mjini, na kazi ngumu ilikuwa kutenganisha nani ana hiki na nani ana kile. Wagonjwa 17 walihesabiwa kuwa na Ebola, na 7 wakafa. Linganisha na 284 wa mwaka 1976. Mambo mengi yalichangia tofauti hiyo, ikiwemo bahati, lakini sioni njia ya kuusahau mchango wa muuguzi wa Yambio aliyejua kwamba anachokiona lazima kiripotiwe leo, na kwa nani.

Amani ilitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Wizara ya Afya ya Sudan Kusini ikaanzishwa Juba ikiwa na majengo machache, mashirika mengi, na maswali ambayo hakuna rafu wala kabati lililokuwa na majibu yake. Vituo viko vingapi? Vipi vina mkunga? Wanawake wangapi hufa wakijifungua?

Swali la mwisho lilipata jibu mwaka 2006, katika utafiti wa kaya uliofanywa Sudan nzima. Kwa Kusini jibu lilikuwa vifo 2,054 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Namba hiyo ilitikisa watu, na ilistahili. Ilitajwa katika kila hotuba na kila ombi la fedha, ikaitwa mbaya kuliko zote duniani. Iliwafungulia mlango wakunga wengi kusomeshwa, na Chuo cha Uuguzi na Ukunga cha Juba, kilichofunguliwa 2010, ni miongoni mwa matunda ya mshtuko huo. Lakini angalia ilikotoka. Ilitokana na kuuliza watu majumbani. Rejesta za wodi za wazazi hazikuhusika, kwa kuwa wanawake wengi hawakufika wodini na rejesta zenyewe zilikuwa na mapengo.

Kilichofuata kinaonyesha shida vizuri zaidi. Umoja wa Mataifa ulikadiria vifo 789 kwa mwaka 2015. Kisha 1,150 kwa mwaka 2017. Kisha 1,223 kwa mwaka 2020. Msomaji wa haraka angedhani kwamba akina mama walianza kunusurika, halafu wakaanza kufa tena. Ukweli ni kwamba makadirio haya hutengenezwa kwa hesabu za kitakwimu, kwa kuangalia pato la nchi, uzazi, na idadi ya wanaojifungua mbele ya mtaalamu, na kila toleo jipya huja na njia iliyorekebishwa. Wataalamu wenyewe wanaonya kwamba matoleo hayalinganishwi. Wanakadiria kwa uaminifu, kwa kuwa hawana la kufanya: nchi isiyosajili vifo vyake hukadiriwa. Mama aliyefia kwenye nyumba ya udongo huko Pibor anaingia katika namba hiyo kama uwezekano, akikadiriwa na watu wasiojua kwamba aliwahi kuwepo.

Mfano wa kinyume upo, tena wa nchi hiyohiyo, na nadhani ndio unaopaswa kufundishwa siku ya kwanza ya muhula. Mwaka 2006 Sudan Kusini iliandikisha wagonjwa 20,581 wa mnyoo wa Guinea, ule unaotoka mguuni kwa maumivu yasiyosemeka baada ya mtu kunywa maji ya bwawa. Programu ya kuutokomeza ilianzishwa mwaka huo kwa msaada wa Kituo cha Carter, ikiongozwa na Makoy Samuel Yibi. Wanakijiji wa kujitolea walifunzwa kumtafuta mgonjwa, kumwandika na kumzuia asiingie majini, ndani ya saa 24 tangu mnyoo uchomoze. Mwaka 2017 hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeripotiwa nchini. Mwaka uliofuata wakaonekana 10, na kazi ikaendelea. Hayo yalifanyika vita vikiwa vinaendelea, katika vijiji visivyo na umeme wala barabara, na mara nyingi kwa mikono ya watu wasiojua kuandika zaidi ya majina. Aliyehesabu ndiye aliyechukua hatua. Namba haikusafiri mbali ili iwe na maana, ilikuwa na kazi palepale bwawani.

Sasa tuirudie wizara. Kati ya mwisho wa miaka ya 2000 na uhuru wa Julai 2011 ilijengwa kwa msaada wa washauri wa nje njia moja ya taarifa kwa nchi nzima. Kituo hujaza rejesta ya wagonjwa wa nje, ya kliniki ya wajawazito, ya chanjo, ya wodi ya wazazi. Mwisho wa mwezi mhudumu huhesabu vijistari na kujaza fomu ya muhtasari. Fomu hupelekwa idara ya afya ya kaunti, ambako ofisa mmoja huziingiza kwenye kompyuta, kisha jimboni, kisha Juba. Programu iliyochaguliwa ni DHIS, iliyoanzia Afrika ya Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, kwa ushirikiano wa wanazuoni wa Cape Town na Oslo. Toleo la kwanza kutumika Juba halikuhitaji intaneti, maana haikuwepo, na faili lilisafiri kwa barua pepe pale penye mtandao na kwa flashi pale pasipo. Msomaji wa Tanzania ataitambua njia hii mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa MTUHA, mfumo wa taarifa za afya aliouzoea tangu miaka ya 1990.

Mashine zilikuja, fomu zikachapishwa. Mtu wa kukaa nazo akatafutwa, na njia iliyozoeleka ya kumpata ikaelekea kusini. Mwaka 2012 barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilikamilika, ikawa barabara kuu ya kwanza ya lami kuiunganisha nchi na jirani. Kupitia Nimule na Gulu wanafunzi walifika Kampala, na Nkozi, ambako Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs kimejijengea jina katika usimamizi wa huduma za afya. Wengine walifika Kenya, ambako Chuo cha Mafunzo ya Utabibu kimefundisha watunza kumbukumbu kwa miongo, na ambako Chuo Kikuu cha Kenyatta na kile cha Methodist vinatoa shahada za kumbukumbu na taarifa za afya. Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilipitisha sheria inayoitambua fani hiyo kwa usajili na leseni, kama ilivyo kwa wauguzi. Tanzania nayo ina shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya pale Mzumbe, chuo kilichoanza mwaka 1953 kikiwa shule ya kufundisha watawala wa serikali za mitaa. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, njia hizo zimezidi kuwa za nyumbani.

Na Juba yenyewe? Chuo Kikuu cha Juba kilirejea karibu na uhuru, kikiwa na wanafunzi wengi kuliko madawati. Vyuo vya binafsi viliota kila mtaa, vikitangaza shahada za kila aina, mpaka Mei 2012 Waziri wa Elimu ya Juu, Peter Adwok Nyaba, akavifunga zaidi ya 20 kwa kukosa sifa. Uamuzi huo uliwaumiza vijana waliokwisha kulipa ada, na bado naona alifanya sawa. Cheti kisicho na elimu nyuma yake ni hatari popote, na katika afya hatari hiyo ina majeruhi. Polepole masomo ya afya ya jamii na mazingira yakapata mizizi ndani ya vyuo vya umma, na humo ndimo takwimu za afya, mipango na uongozi wa huduma vinamofundishwa.

Halafu Desemba 2013 vita vikalipuka Juba na kuenea. Mwezi Februari 2014 wagonjwa walipigwa risasi vitandani mwao ndani ya Hospitali ya Kufundishia ya Malakal, na Madaktari Wasio na Mipaka walizikuta maiti. Hospitali ya Leer iliporwa na kuharibiwa, na watumishi wakakimbilia vichakani na wagonjwa mahututi. Mtu anayetibiwa kifua kikuu au kala-azar anahitaji kujulikana yuko siku ya ngapi ya dawa, na kadi yake ikiungua na wodi, mhudumu mwingine atakayempokea siku za mbele hana pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Upper Nile, chenye kitivo cha afya ya jamii na mazingira, kilikimbia Malakal na kuhamia Juba. Historia ikawa imejigeuza: mji ulioporwa chuo mwaka 1989 sasa ulipokea chuo cha wakimbizi.

Shahada inayofundishwa katika mji kama huo haiwezi kuwa nakala ya silabasi ya Nairobi, na hapa natoa maoni yangu bila kuficha. Chukua hesabu ya kawaida kabisa, asilimia ya watoto waliochanjwa. Juu unaweka waliochanjwa, chini unaweka watoto wote wa kaunti. Waliochanjwa unao. Watoto wote umewapata wapi? Sensa pekee ya kutegemewa ni ya Aprili 2008, iliyohesabu watu milioni 8.26. Tangu hapo mamilioni wamehama ndani ya nchi au kuvuka mipaka, wengine wamerudi, wengine wamehama tena. Utafiti wa serikali wa mwaka 2021 ulikadiria watu milioni 12.4. Kaunti moja inaonekana imechanja asilimia 140, jirani yake asilimia 20, na pengine zote mbili zimefanya kazi sawa, ila watu wa moja wamelala kwa nyingine. Ongeza kwamba Oktoba 2015 majimbo 10 yaligawanywa kuwa 28, mapema 2017 yakawa 32, na Februari 2020 yakarudi 10 pamoja na maeneo 3 ya utawala maalumu. Kila mara kaunti zilikatwa upya, na ofisa aliyetaka kulinganisha malaria ya mwaka huu na ya miaka 3 iliyopita alipaswa kwanza kujua kituo chake kilikuwa cha nani wakati ule. Hakuna kitabu cha Chicago chenye sura juu ya hilo. Atakayeiandika atakuwa mtu wa Juba.

Au chukua Fomu Namba 8. Ni karatasi ya polisi, urithi kutoka Sudan, ambayo mtu aliyejeruhiwa alitakiwa kuwa nayo kabla ya kutibiwa. Kwa miaka mingi wanawake waliobakwa walirudishwa mlangoni mwa hospitali waifuate kituo cha polisi, na wengine hawakurudi tena, ilhali dawa ya kuzuia Virusi vya UKIMWI inapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Wizara ilieleza kwamba fomu hiyo si sharti la matibabu kwa aliyebakwa. Lakini tangazo la wizara haliokoi mtu mpaka mtu wa mapokezi alijue, na mkuu wa hospitali amlinde atakapolitii. Hilo ni somo la uongozi wa hospitali kwa ukamilifu wake: sheria, karatasi, mapokezi, ujasiri, saa. Linabeba pia somo la siri. Katika mji ambao jina la mtu na la babu yake vinatosha kutaja kabila lake, rejesta ya wodi ya majeruhi iliyoachwa mezani inaweza kumuua aliyeandikwa humo. Mwanafunzi wa Ulaya hufundishwa usiri kama haki ya mteja. Wa Juba anajua mwenyewe kwa nini kabati lazima lifungwe.

Kuna suala la ajira, na halisemwi vya kutosha. Ofisa wa taarifa wa kaunti ni mtumishi wa serikali, na mshahara wa serikali umeliwa na kushuka kwa pauni mpaka haumfikishi mtu katikati ya mwezi, ukilipwa. Mashirika ya misaada yanalipa kwa dola, na yanawahitaji watu walewale wanaojua rejesta, hesabu na DHIS. Kijana anayehitimu ana wazazi na wadogo zake wa kuwasomesha. Akienda kwenye shirika simlaumu. Ila kila anapoondoka, swali la kaunti hubadilika na kuwa swali la mfadhili, na tunarudi Lokichogio kwa mlango mwingine.

Mwaka 2012 wafadhili kadhaa walianzisha mfuko wa pamoja uliobeba sehemu kubwa ya vituo vya nchi kwa zaidi ya miaka 10, pamoja na nyongeza za wahudumu na usimamizi wa ripoti. Mwaka 2024 mfuko huo ulifungwa na mradi mpya, unaotegemea sana Benki ya Dunia, ukachukua nafasi. Mabadiliko ya namna hiyo huja na orodha mpya ya vituo vitakavyosaidiwa na vitakavyoachwa. Orodha hiyo inajadiliwa mezani Juba, na hapo ndipo mhitimu wa fani hii anapohitajika upande wa serikali, mwenye ramani ya kaunti yake, miaka 5 ya wagonjwa wa nje, idadi ya wazazi waliojifungulia kituoni na umbali wa kituo kinachofuata mvua zinapokata barabara, ili asimame na kusema kituo hiki kikifungwa watu watatembea siku mbili, na hesabu yake ni hii hapa.